Dereva Aliyeshuku Kila Jeshi

Hapa Shelui, mkoani Singida, kila mtu alimwita Dereva, ingawa nilipoanza kumfahamu alikuwa hajashika usukani kwa miaka mingi. Mimi nilimwita babu kwa heshima tu, maana hatuna undugu. Yeye aliniita Karani, kwa sababu nina kibanda cha kuchapa barua na kutoa kopi jirani na maegesho ya malori. Naandika habari zake kwa sababu siku moja nilimuuliza swali nililodhani ni la akili, kumbe lilimuumiza, na mpaka leo sina hakika kama nilikuwa na haki ya kuliuliza. Aya hii nimeifuta na kuiandika upya mara nyingi hadi naona aibu. Ndivyo nilivyo. Mteja akileta barua ya ukurasa mmoja mimi huisoma mara tano, na akishaondoka nayo nalala nikiwaza kama jina la kata niliandika sawasawa.

Kidato cha nne nilianguka vibaya. Yote ninayoyajua nimeyaokota katika karatasi za watu wengine ninazozichapa, katika simu yangu, na kwa Dereva. Kwa hiyo msomaji ajue mapema kwamba mimi si shahidi mwenye shahada. Ni mtu mwenye wasiwasi tu, aliyezoea kuhakiki.

Imani yake kubwa ilikuwa moja. Jeshi likivuka mpaka na kuingia nchi ya wengine, alisema, tafuta mafuta. Usisikilize hotuba, tafuta mafuta. Alikuja kibandani kila siku baada ya taarifa ya habari ya saa saba, redio ndogo ikiwa mfukoni mwa koti, koti ambalo hakulivua hata Oktoba jua linapopasua midomo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, Karani. Wameingia tena."

"Nani hao?"

"Unauliza nani! Uliza wameingia wapi, halafu tuangalie ramani."

Nina ramani ya dunia ukutani, ya kuwatolea kopi wanafunzi. Pale penye Ghuba ya Uajemi karatasi ilichakaa kwa kidole chake mpaka nikaibandika selotepu. Iraki, Kuwaiti, Libya: alizijua kama alivyovijua vituo vya barabara ya kwenda Nzega. Kila nchi kwake ilikuwa na visima, bomba na bandari. Watu niliwaongeza mimi.

Nilimpinga. Nilipenda kumpinga kwa sababu nilikuwa na daftari la kuandikia ninayohakiki, na daftari hunipa ujasiri nisiokuwa nao. Nilimwambia Afghanistani haijulikani kwa mafuta, na majeshi yalikaa huko miaka na miaka. Nilimwambia ziko nchi zina mafuta mengi na hakuna aliyezivamia. Nikamwambia jambo ambalo niliona ni la mwisho kabisa, kwamba mwenye fedha hana haja ya kupigana, atanunua tu. Vita ni ghali kuliko mafuta yenyewe.

Dereva alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa kama anasikiliza injini.

"Umesema vizuri," alijibu. "Lakini mnunuzi anaweza kuambiwa leo hakuna. Aliyekaa jirani na koki haambiwi. Mimi sijasema wanakwenda kuiba, Karani. Nimesema wanakwenda kukaa jirani na koki."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Hakuna jambo la kila mara, babu."

"Basi hujaendesha tangi."

Alikuwa na kipimo chake. Usiangalie jeshi linasema limefuata nini, alisema, angalia likifika linaanza kulinda nini na kuchukua nini. Mfano wake ulikuwa Baghdad: askari walipoingia, wizara ya mafuta ikalindwa na makumbusho ya taifa yakaporwa. Nilikesha kuhakiki hilo. Nilikuta taarifa nyingi zinazosema hivyohivyo. Nilikuta pia maelezo mengine, kwamba askari walikuwa wachache na mji ni mkubwa. Nilipomsomea hayo maelezo alicheka hadi akatoa leso. "Wachache," alisema. "Lakini waliijua njia ya wizara."

Sisemi alikuwa sahihi. Nasema kipimo kile kilinikaa kichwani, nami nikianza kupima kitu siachi.

Maisha yake ya kazi yalikuwa ya mafuta. Kwa miaka mingi aliendesha tangi kutoka Dar es Salaam kwenda Rwanda na Burundi, na hapa Shelui ndipo alipokuwa akipumzika, mpaka akajenga. Madereva wa zamani wanasema alikuwa mgumu kupita kiasi. Vijana wa madumu, wale waliokuwa wakinunua dizeli ya kunyonywa kwenye magari ya safari, walimchukia kwa sababu hakuwahi kuwauzia hata lita moja. Mmoja wao, sasa ni baba wa watoto wanne, aliniambia, "Yule mzee ukimsogelea na dumu tu, hata kama unatafuta maji, anashika spana."

Kazi ile ilimwachia mazoea. Tangi la mafuta hufungwa sili, kile kiwaya chenye namba ambacho kikikatwa inajulikana limefunguliwa. Dereva alikuwa na sili nyumbani. Pipa lake la mahindi lilikuwa na sili. Simtanki la maji lilikuwa na sili. Lakini mlango wa nyumba haukuwa hata na kitasa, aliuzuia kwa jiwe. Nilipomuuliza sababu alisema mwizi wa vitu vya ndani anajulikana ana njaa, ila mtu anayegusa tangi la mwenzake anakuwa ameamua jambo. Sikuelewa, nikaandika kwenye daftari nikaweka alama ya kuuliza.

Na alipenda kutushauri kwa lugha ya barabarani. Mlima Sekenke uko jirani nasi na umeua watu. "Sekenke haishukwi kwa breki, inashukwa kwa gia," alisema, akimaanisha ukichelewa kujizuia hutaweza tena. Neno hilo alilisema kwa wanaooa, kwa wanaokunywa, na kwa marais.

Mara moja kwa mwezi alikwenda Singida mjini kununua betri za redio na kumsalimia rafiki yake, mzee wa Kihindi mwenye duka la spea ambalo familia yake imelishika tangu enzi za babu zake. Siku moja niliongozana naye kununua wino. Wale wazee wawili walisalimiana kwa kutukanana.

"Karibu, mtaalamu wa vita!" mwenye duka alisema. "Leo mafuta yamemuua nani?"

"Wewe endelea kuuza nati. Wakija hapa utawauzia na wao."

"Mwanangu," yule mzee akanigeukia, "huyu bwana mkewe alipomkimbia, nikamuuliza, Dereva, amefuata mafuta?"

"Alikwenda Kiomboi kwa dada yake," Dereva alijibu bila kutabasamu. "Kiomboi hakuna mafuta. Ndipo nikajua amekasirika kweli."

Mkewe alirudi baadaye, wakaishi pamoja mpaka mama huyo alipofariki. Lakini ule utani haukuzeeka kamwe.

Siwezi kumchora bila kusema alivyojipinga mwenyewe. Watafiti walipokuja kupima bonde la Wembere, hapa jirani, kwa waya za kutandaza ardhini, wakisema huenda chini kuna mafuta, Dereva aliwaka moto. Alizunguka vijiji akiwaambia watu wasisaini kitu, wasionyeshe mipaka, wasipokee hata kofia. Alichanganya Kiswahili na Kinyiramba kama alivyozoea akikasirika. "Leo wanakuja na waya, kesho wanakuja na nini?" Baada ya mwezi tukasikia amepata kazi kwenye kambi yao. Mlinzi. Alikuja kibandani amevaa kizibao kinachong'aa juu ya lile koti.

"Babu! Na wewe?"

"Nawachunguza kwa karibu."

"Umegundua nini?"

Alifikiri. "Wanakula vizuri sana."

Watafiti waliondoka, naye akabaki na kizibao, akakivaa kupalilia alizeti. Nilicheka, ila moyoni nilianza kumshuku. Nilijiuliza kama imani yake yote ni ya kweli au ni kelele za mtu anayetaka kusikilizwa. Na kulikuwa na jambo jingine lililozidi kunisumbua.

Dereva alikwenda vita vya Kagera. Alikuwa kijana, anaendesha lori la mizigo, na lori lilipochukuliwa kwa ajili ya vita yeye alichukuliwa nalo, akapewa kombati. Nchi nzima inajua habari ile: tulivamiwa, tukawatoa, tukavuka mpaka tukaingia Uganda mpaka mji mkuu. Wazee wengine waliokwenda husimulia hadi mate yanawakauka. Dereva alisimulia matope. Alisimulia mvua ya Bukoba, springi zilizokatika, mikate iliyoota ukungu. Akifika Mto Kagera, karibu na mpaka, hadithi iliisha. Kila mara iliishia palepale, kwenye mto, kama barabara iliyokatika. Niliandika hilo pia.

Kisha yakaanza kupita mabomba. Msomaji wa mbali ajue kwamba linajengwa bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda mpaka Tanga, na linapita kwenye mkoa wetu. Malori yaliyobeba mabomba marefu yalipita Shelui, na vijana wa bodaboda wakapata mchezo mpya. Siku hiyo Dereva alikuwa amekaa kwenye benchi langu, nje, redio sikioni.

"Dereva! Haya mabomba mafuta yake yanatoka wapi?"

"Uganda," alijibu.

"Na enzi zenu mliingia nchi gani vile?"

Wakaangua kicheko. Mwingine akadaka, "Kumbe wazee mlitangulia kusafisha njia! Jeshi likivuka mpaka, tafuta mafuta! Si unasema mwenyewe?"

"Tulivamiwa," Dereva alisema. "Watu wetu walichinjwa Kagera. Mafuta ya Uganda hayakuwa yamejulikana, na baba zenu walikuwa hawajajua kujifunga suruali."

Alisema kwa sauti ya kawaida, nao wakaondoka na abiria wao. Ingeishia hapo. Vijana walikosea na jibu walipata.

Lakini mimi nilikuwa na daftari.

Sikutaka kumkejeli. Nataka hili lieleweke, ingawa najua kila anayeumiza husema hivyo. Nilitaka hoja ikamilike, kama ninavyotaka ukingo wa kulia wa barua uwe umenyooka. Nikasema, "Babu, ni kweli, hamkufuata mafuta. Hilo linavunja ile kila mara yako. Lakini kwa kipimo chako mwenyewe: mlipofika, mlianza kulinda nini? Mlianza kuchukua nini?"

Akazima redio. Sijawahi kumwona akiizima katikati ya taarifa. Akaitia mfukoni, akasema, "Kazi njema, Karani," akaenda zake.

Hakurudi. Tulipanda alizeti, zikachanua, zikainama, zikavunwa, benchi likiwa tupu saa saba. Nilituma salamu kwa watu. Zilirudi salamu fupi. Nikasikia anaumwa kifua, amepelekwa hospitali ya Kiomboi, amerudi. Mimi ni mtu ninayeweza kuamka kuangalia kama niliweka herufi kubwa kwenye jina la mteja, basi fikiria nilivyoishi na jambo hili. Nilijitetea kwamba swali lilikuwa la haki. Halafu nikashuku utetezi wangu. Nilitaka ukweli, au nilitaka kushinda? Sikupata jibu safi, na sina hata sasa.

Mwisho nikafunga kibanda mchana, nikanunua sukari na majani ya chai, nikaenda kwake. Jiwe lilikuwa mlangoni. Alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye kiti cha kamba, koti magotini kama shuka. Alikuwa amekonda, shingo yake imekuwa ya mtoto.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umekuja na daftari?"

"Nimekuja na sukari."

"Daftari umeacha?"

Lilikuwa kwenye mkoba. Aliona mkono wangu ulivyoushika mkoba, akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

"Babu, nimekuja kuomba radhi. Swali lile halikuwa la kumuuliza mzee."

"Lilikuwa la kumuuliza dereva," alisema. "Kaa."

Nikakaa chini kwenye gunia. Akalivuta koti mpaka kifuani. Kisha akavuka ule mto. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyosikia, hadithi yake kwa mara ya kwanza ikipita pale ilipokuwa ikikatika kila siku.

Alikuwa Uganda, ndani sana, na lori lake lilikuwa limebaki nyuma ya msafara kwa pancha. Dizeli ilikuwa inaisha. Aliogopa kukwama peke yake. Saa moja jioni akafika kwenye mji mdogo, pana zahanati ya misheni, na nyuma ya zahanati pana jenereta na pipa moja la dizeli, limejaa. Ndani taa zilikuwa zinawaka.

"Nani alikuamuru?" niliuliza.

"Hakuna. Andika hivyo. Hakuna aliyeniamuru."

"Ulikuwa na bunduki?"

"Nilipewa kama wote. Sikuinyoosha. Ilining'inia begani tu. Ilitosha."

Muuguzi alitoka, mama mtu mzima, mikono imelowa. Hakupiga kelele. Dereva alikuwa ameshachomoa mpira wa kupeleka dizeli kwenye jenereta. Mama yule akatazama pipa, akamtazama yeye, akasema, "Bakisha nusu, kijana." Mara moja tu. Yule kijana akalilaza pipa, akaliviringisha hadi kwenye lori, akaomba watu wawili waliokuwa barabarani wamsaidie kulipandisha, nao wakamsaidia bila neno. Alipowasha gari, zahanati ilikuwa giza.

Pale uani kuku walikuwa wanapekua kwenye maganda ya alizeti. Nilitafuta la kusema, nikapata la kijinga. "Lakini hamkwenda kwa ajili ya mafuta."

"Hatukwenda. Wale vijana ukiwaona waambie hivyo, tena waambie kwa sauti. Kuna wenzangu wamelala kule, sitaki mtu awatanie. Mimi nakuambia habari ya baada ya kufika. Mtu akishafika na bunduki begani, na gari lake lina kiu, ile sababu iliyomleta inabaki nyuma barabarani."

"Kwa hiyo ndiyo maana unayashuku majeshi yote."

"Majeshi siyashuku," alisema. "Namshuku dereva."

Aliniomba nimwandikie barua. Zahanati aliikumbuka kwa jina na kwa kilima kilicho nyuma yake. Niliitafuta kwenye simu palepale, nikaipata: ipo, siku hizi ni hospitali, ina geti na bustani. Nikamwonyesha picha. Aliikuza kwa vidole viwili, vibaya, mpaka ikawa madoa, akatafuta kitu pembeni ya paa. "Nguzo za umeme zimefika," alisema. Akanirudishia simu. "Haya, andika."

Nilitoa daftari, naye akasema maneno haya, nami nikayaweka kama yalivyo, bila kunyoosha chochote: "Kwa Mganga Mkuu. Mimi ni dereva wa zamani kutoka Tanzania. Wakati wa vita nilichukua pipa la dizeli la jenereta yenu, lote. Muuguzi wenu aliniomba nibakishe nusu. Nusu ingenifikisha."

Nilingoja ombi la msamaha, au salamu, au kitu ambacho barua huishia nacho. Hakikuja.

Nikautazama ule mstari wa mwisho. Alikuwa kijana mwenye hofu, barabara haijui, vita mbele yake. Angejuaje kingetosha kiasi gani? Nilitaka kumpa pa kutokea. Na pia, Mungu anisamehe, nilitaka kuhakiki.

"Babu, hiyo ya nusu," nilisema. "Una hakika nayo?"

"Pipa lilifika kambini likiwa nusu," alisema. "Nililiteremsha mwenyewe."